Mama wa mahamri: kisa cha ziwa lililofura, kilo 97 na kansa isiyo na donge

Mimi nauza dawa, Malindi mjini. Mtaa sisemi manake nikiutaja tu mshajua ni nani, na mwenyewe aliponipa ruhusa ya kuandika alisema, "Andika mwanangu, ila usinitie jina. Kilo zangu zitaje, hizo hata mpita njia azijua." Kwa hivo ntamwita Mama Mahamri, ndo kazi yake, kila alfajiri yuko barazani na karai lake, na kama umewahi kuishi huku ushakula mahamri na mbaazi za mtu kama yeye kabla hujaenda kazini.

Nakiandika chote sababu mtaani kinasimuliwa vibaya. Kuna wanaosema ni unene tu, alikula akanona, yakamfika. Kuna wanaosema ni jicho, mwili wake ulisifiwa mno kwenye maharusi. Mimi niliyemuuzia dawa kwa mikono yangu naona kote kumeachwa kitu. Ule mwili ulimfanyia mambo mawili tofauti kabisa, moja ndani ya nyama na moja machoni mwetu sisi tuliomtazama, na hili la pili ndo lilompotezea siku 47.

Miaka 41. Watoto watano, wa mwisho ameacha ziwa miaka mitatu nyuma. Hedhi bado anapata. Kwao hakuna anayejulikana kuugua kansa ya titi, ingawa ukiuliza vizuri unaambiwa kuna bibi mmoja wa Gede alikufa na "kidonda cha kifua", sasa hapo kila mtu ajijazie. Picha yake ya harusi iko ukutani sebuleni, binti mwembamba amekaa kwenye kiti cha bi harusi, hina mpaka viwikoni. Alafu kila akijifungua, arobaini: supu ya kuku yenye pilipili manga, uji, hakuna kuinuka, wala hakuna kubeba ndoo. Mwili ulipanda na kila mtoto na haukushuka, na kazi yenyewe ni ya kukaa, saa kumi alfajiri mpaka saa nne uko kwenye kibao mbele ya moto, chai ya maziwa pembeni, na kuonja hamri moja ujue limeiva ni lazima, haliwi moja.

Hakuna aliyemwambia vibaya. Huku mwanamke akiwa na mwili anaambiwa kanawiri, mumewe anamtunza. Akikonda ndo wanaanza kunong'ona, ana nini yule, kapima? Siwezi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo mji mzima unampigia vigelegele. Na sio yeye peke yake, ule utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2014 ulikuta karibu mwanamke 1 kati ya 3 Kenya wa miaka 15 mpaka 49 ana uzito uliopita kiasi, wengine kidogo wengine sana.

Mizani yetu iko nje ya duka, watu wanapima kwa shilingi. Yeye hakuwahi kupanda mchana. Alipanda siku moja tukifunga, nikamshikia mkoba: kilo 97, urefu mita 1.58. Ukigawanya kilo kwa urefu mara urefu unapata 38.9, na kuanzia 30 kwenda juu ndo wanahesabu unene wa kupindukia. Aliangalia namba akasema "hiyo mizani yako mbovu", tukacheka.

Sasa kisa. Ilikuwa mfunguo mosi, wiki ya pili, Ramadhani imeisha na amechoka kwa kukaanga bajia na kaimati za watu wa futari. Akaja dukani akasema ziwa la kushoto lamfukuta, lawasha, na sidiria haimfungi upande ule. Nikamuuliza chini ya ziwa kuna ukurutu? Akasema jasho tu, wajua sisi wanene. Na mimi hiyo "wajua sisi wanene" niliipokea kama jibu. Wanawake wenye maziwa makubwa wanapata fangasi pale kwenye mkunjo, na joto letu hili, nawauzia dawa yake kila siku. Nikampa klotrimazoli ya kupaka na poda. Sikumwangalia. Dakika mbili, akaenda.

Siku kumi baadaye alienda kwenye kliniki moja, siitaji. Aliyemhudumia alimshika juu ya dera, akasema ziwa lina maambukizi, akamwandikia antibiotiki za siku saba. Na akamwambia apunguze mwili. Hiyo ya kupunguza mwili aliipata kila mahali, alienda na goti akaambiwa punguza mwili, alienda na presha akaambiwa punguza mwili, safari hii ziwa limefura nusu tena, punguza mwili. Alinambia, "Nilitoka pale nimeona haya, hata sikuuliza kwa nini mtu asiyenyonyesha apate jipu la ziwa." Na ndo swali lenyewe hilo, lilimjia yeye asiyesoma dawa na sisi tuliosoma halikutujia. Maambukizi ya ziwa kwa asiyenyonyesha yapo, ni kweli, lakini sio ya kila siku, na yakiwepo dawa ikifaa unaona nafuu ndani ya siku saba mpaka kumi. Isipoleta nafuu haubadilishi dawa ukaendelea kusubiri, unatafuta mtu wa kukata kipande cha nyama kipimwe.

Haikuleta nafuu. Akaja kwangu na karatasi ileile. Nikampa dozi ya pili, ya dawa nyingine kali zaidi, bila kuulizana na daktari yeyote. Hili naliandika wazi sababu kila mtu mtaani anaisema ile kliniki na hakuna anayenisema mimi.

Katikati hapo kuna mambo mengi, alisomewa, alikunywa kombe, shangazi yake alimkanda na mafuta ya habasoda. Sioni ubaya wa kusomewa, mwenyewe anasema kulimtuliza moyo. Kumkanda ndo sikupenda.

Siku aliyonionyesha ilikuwa jioni, mvua ya masika inanyesha, duka halina mtu. Tukaingia chumba cha nyuma kwenye maboksi. Akatoa dera mabegani, akafungua khanga. Ziwa la kushoto limekuwa kubwa kuliko la kulia kama mara moja na nusu, limekaa gumu, halilali. Ngozi yake ni nyeusi, kwa hivo hakukuwa na ule wekundu wa kwenye picha za vitabu, ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva, imeshika zaidi ya theluthi moja ya ziwa, na vinyweleo vimekuwa vishimovishimo kama ganda la chungwa. Chuchu imerudi ndani. Alafu nikaona kitu nisichokisahau, sidiria alikuwa ameivua tangu adhuhuri, lakini alama ya mshipi na yale maua ya lesi bado yako kwenye ngozi, yamechorwa. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tano, nikatoa, shimo likabaki. Kwapani kulikuwa na tezi mbili, moja kama kokwa la ukwaju na nyingine kubwa zaidi. Donge ndani ya ziwa hakuna. Nilitafuta, hakuna.

Akanitazama usoni. "Mwanangu, mbona wanyamaza?"

Kesho yake asubuhi aliondoka na mwanawe wa kwanza, matatu ya Mombasa, kilomita kama 120, wiki hiyo hakukaanga mahamri. Daktari wa upasuaji alimvua, akamtazama dakika moja, akasema anataka vipande viwili: cha nyama ya ndani kwa sindano nene na cha ngozi yenyewe. Mamogramu ilikuwa taabu manake kile kibao kinabana na ziwa halibaniki kwa maumivu, ila ilipigwa, na altrasaundi pia. Watu wanafikiri ziwa lenye mafuta mengi linaificha kansa kwenye mashine, sio hivo, mafuta hutoka meusi kwenye picha na uvimbe hutoka mweupe, tena husomeka vizuri. Panapofichika ni kwenye vidole vya anayepapasa. Na kwenye dera.

Majibu: kansa, daraja la 3 ambalo ndo la seli zenye fujo kabisa, na kwenye kile kipande cha ngozi walikuta seli za kansa zimeziba vile vijia vidogo vinavyopitisha maji ya limfu. Ndo maana ngozi ilijaa maji, mifereji imezibwa. Hii aina inaitwa kansa ya titi ya inflamatori, yaani ya kuvimba na kuwaka, inafanana na maambukizi lakini sio maambukizi. Ni chache, Marekani wanahesabu kati ya 1 na 5 kwa kila kansa 100 za titi, na inakimbia kwa wiki sio miaka. Haina hatua ya kwanza wala ya pili, siku ukiipa jina ishakuwa ya tatu au ya nne. Alafu walipima milango mitatu ya seli ya kansa inayotumika kuchagua dawa, wa estrojeni na wa projesteroni ambazo ni homoni za kike, na ule wa HER2, protini ya kuikuza seli, yote mitatu haipo. Negativu tatu. Sitiskani ikaonyesha ini, mapafu na mifupa viko safi, kwa hivo hatua ya tatu, na hapo daktari alisema alhamdulillahi kwa sauti.

Na damu ilipopimwa kabla ya kula, sukari 9.2. Kuanzia 7 ni kisukari. Amekaa nacho muda gani hakuna ajuaye, miaka yote ile ya "punguza mwili" hakuna aliyemtoboa kidole.

Sasa kwenye unene na kansa hii hapa ndo maneno ya watsapu yanapoteleza. Yanasema mafuta yanatengeneza homoni ya kike, homoni inalisha kansa, kwisha. Ni kweli, lakini sio kweli yake yeye. Mwanamke akishakoma hedhi ovari zinapumzika, na mafuta ndo yanabaki kiwanda cha estrojeni, kuna kimeng'enya kinaitwa aromatesi kinageuza homoni nyingine kuwa hiyo. Ndo maana wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walipokaa 2016 na kuorodhesha kansa 13 zinazofungamana na mafuta ya mwili, ya titi waliiandika kwa waliokoma hedhi. Mama Mahamri hajakoma, na kansa yake haina hata mlango wa kuipokea hiyo estrojeni. Ukimpa maelezo hayo umempa ya mtu mwingine.

Kwa ambao bado wako kwenye hedhi hesabu inageuka, na mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa: ukijumlisha kansa zote za titi pamoja, wanene wa umri huo wanapata kidogo kuliko wembamba. Ila ukizitenganisha, zile za negativu tatu zinawaelemea wanene, tafiti kadhaa zimeonyesha hivo, na hii ya kuvimba ndo zaidi, unene unajirudia kwenye hesabu zake uwe umekoma hedhi au hujakoma. Kwa hivo kuna njia nyingine nje ya estrojeni. Seli ya mafuta ikijazwa sana inakosa hewa, inakufa, na askari wa mwili wanakuja kuizunguka duara zima kusafisha, ukiangalia kwa hadubini unaona kama pete, na wakiwa pale wanamwaga kemikali za kuwasha moto. Duara moja si kitu. Ziwa zima la mtu mnene linaweza kuwa na mengi, mwaka baada ya mwaka, moto wa chinichini usioumiza. Juu yake kuna leptini, homoni ya mafuta, inapanda, na mwenzake adiponektini ambaye ndo mpole anashuka. Alafu insulini. Mwili mnene hauisikii insulini, kwa hivo kongosho inamwaga nyingi zaidi, na insulini kwa seli nyingi ni amri ya kukua.

Nilimweleza mwenyewe hivi tukiwa jikoni kwake, nikamwambia insulini ni kama hamira. Akanikata palepale, "Hamira haiumbi donge. Unga usipoukanda, hamira itapandisha nini?" Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo hata darasani. Kuna wembamba kama ufito wanaoipata kansa hiihii, na kuna wanene wengi mno hawaipati mpaka wanazikwa na wajukuu, kwa hivo yule anayesema kaitaka mwenyewe hajui anachosema, na yule anayesema mwili hauhusiki kabisa naye hajui.

Kuhusu kufa pia kuna namba. Mwaka 2014 walikusanya tafiti 82, wanawake zaidi ya 200,000 wenye kansa ya titi, wakakuta waliokuwa wanene sana wakati wa kugundulika walikufa kwa wingi wa 41% kuliko wa uzito wa kawaida. Watu wakiona hiyo wanasema ni mafuta. Sehemu ni mafuta, sehemu ni kisukari na moyo, na sehemu moja mbaya kabisa ni dozi. Dawa ya kemo inapimwa kwa eneo la mwili linalotokana na urefu na kilo. Miaka mingi madaktari walikuwa wakiogopa zile namba kubwa wakikutana na mtu mnene, wanapunguza, wanapiga hesabu kana kwamba ni mwembamba. Mpaka 2012 chama cha madaktari wa kansa cha Marekani kikatoa mwongozo, tumieni kilo halisi, mnene havumilii dawa vibaya kuliko wengine.

Hebu tuipige kwake. Kilo 97 na sentimita 158 zinatoa eneo la mita za mraba 2.06. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ni miligramu 60 kwa kila mita, kwa hivo 124. Ukimhesabu kama angekuwa na kilo 51 za "kawaida" ya urefu wake unapata karibu 90. Umemnyima zaidi ya robo ya dawa alafu kansa ikirudi unasema unene. Yeye alipewa 124, nililiona karatasi, nikampigia simu yule muuguzi wa kemo kumshukuru, akashangaa mtu wa duka la dawa anamshukuru kwa hesabu.

Kemo kwanza, kisu baadaye, ndo utaratibu wa aina hii, ukikata ngozi ikiwa bado inawaka unaacha mbegu. Mara nne ya ile nyekundu na dawa mwenzake kila wiki tatu, alafu dawa nyingine ya kemo, paklitakseli. Nywele zilienda, kucha zikawa nyeusi. Kilo hazikushuka, zilipanda tatu, kwa sababu ya deksamethasoni wanayotia kuzuia kutapika na mzio, na sababu kila jirani alileta sahani, na wifi yake aliyesema "angalau kansa itamkondesha" alinyamaza. Ziwa lilianza kulainika baada ya mzunguko wa pili. Wakalitoa lote pamoja na tezi za kwapani, alafu mionzi wiki tano, akalala kwa dadake Kisauni. Gharama sizisemi, kulikuwa na bima, kulikuwa na harambee, kulikuwa na mkufu wa dhahabu uliouzwa.

Nikae kidogo kwenye metifomini sababu mnanijia nayo dukani. Yeye anaimeza kwa ajili ya kisukari, ni haki yake. Tangu habari zienee kuna wanawake watatu wasio na kisukari wamekuja kuitaka "ya kuzuia kansa ya ziwa". Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2022, wanawake zaidi ya 3,600 waliotibiwa kansa ya titi na hawana kisukari, nusu wakapewa metifomini miaka mitano, haikuwazuilia kansa kurudi. Siuzi.

Na dukani sasa mwanamke akisema ziwa lafukuta namwambia tuingie nyuma. Kama hanyonyeshi na dawa ya wiki moja haikumfaa namwandikia barua aende akatafute kipimo cha nyama, ananuna, anaenda.

Imepita miezi minane tangu mionzi. Kansa ya negativu tatu ikitaka kurudi hupenda miaka mitatu ya mwanzo, kwa hivo hatujashangilia, kila miezi mitatu anapanda matatu ya Mombasa kuangaliwa. Ana kilo 91, alizipunguza taratibu, anatembea jioni mpaka jeti na kurudi, chai bila sukari ambayo anaitukana kila asubuhi. Kinachomsumbua ni mkono. Tezi za kwapani zikitolewa na mionzi ikapita, maji hayana njia ya kurudi, mkono unafura, na kwa wanene unafura zaidi. Wa kushoto, na yeye ni mtu wa kukanda kilo sita za unga kwa mikono miwili.

Sasa binti yake ndo anakanda. Yeye anasukuma na kukata pembe tatu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umevaa ile soksi ya kubana, umelala kwenye mto juu ya kibao. Juzi nilipita na kikapu changu saa kumi na moja unusu, karai linaunguruma, akamwambia binti anifungie ya shilingi hamsini na aongeze moja. Alafu akavuta soksi mpaka kwenye kiwiko, akaninyoshea mkono.

"Hebu bonyeza. Leo waonaje?"

Nikabonyeza, nikahesabu mpaka tano, nikatoa kidole. Tukainama wote wawili na taa ya simu kuangalia.